Domino DF 500: niibakishe au niiuze?

Seremala_Kariobangi: Wakuu, oda za viti zimepungua. Niiuze Festool hii, mashine ya kuchimba matundu ya ndimi (vipande vya mbao vya kuunganishia)?

RandaKali: Ukitengeneza makabati ya MDF (mbao za unga ulioshinikizwa) pekee, uza, drili na jigi (kiongozi cha kutobolea) ya dawali, yaani vijiti vya kuunganishia, zinatosha. Ukiwa na viti vya mvule, usiiuze! Kwanza ipime: kisu cha milimita 8, kina 25, kwenye kipande cha mvule. Mbao ikiungua, mara nyingi kisu ni butu, si kwamba mota ni mbovu. Mvule huwa na chembe za mawe zinazomaliza visu. Kifyonza vumbi ni lazima, maana makapi yakibaki tunduni ulimi haufiki mwisho na kiungo huacha mwanya.

MamaMbao: Gharama hasa ni kununua ndimi, jitengenezee. Randa mbao ngumu iliyokauka hadi milimita 8, viringisha kingo kwa ruta (mashine ya kuchonga kingo), kata urefu wa milimita 48, kwa kuwa matundu mawili ya 25 ni 50, gundi ipate nafasi.

Seremala_Kariobangi: Asante, naanza na kisu.