RTK inakataa kufix karibu na busta ya simu, ni 5G ama?

bikoni_na_mkanda
Wadau habari zenu. Napima ploti huku Ruai na RTK (ile GPS ya kupima hadi sentimita) na kuna kona moja iko karibu na busta, risiva inakwama kwa float (makadirio tu), fix (ile ya sentimita) haiji hata ningoje aje, nikisonga mbele kidogo inakuja yenyewe. Boss anasema ni 5G inafinya GPS na nikigugo naona kweli Marekani kuna kampuni ilizuiwa juu ya hiyo maneno. Nani anaelewa hii kitu?

redio_kavu
Hiyo ni LightSquared. 2011 FCC, wenye kusimamia masafa huko Marekani, iliwapa ruhusa ya masharti, walitaka kuweka minara kama 40,000 kwa masafa ya 1525 hadi 1559 megahezi, yenye kitambo yalikuwa ya setilaiti. GPS nayo iko 1575.42, ukuta kwa ukuta. Na setilaiti ya GPS iko juu kilomita 20,200, signo ikifika chini imechoka kabisa, so ni kama mtu anakunong'onezea stage na makanga wa Rongai anaita abiria kwa sikio lako. Risiva za sorveya ziliumia sana juu filta zake ni pana, ndio zipate zile sentimita zenu. Feb 2012 FCC ikageuka, Mei wakafilisika. Baadaye wakajiita Ligado, 2020 wakapewa ruhusa tena ya kama wati 10 tu, Pentagon ikipinga.

kaka_wa_antena
Mi huwatetea kidogo. Walikuwa ndani ya masafa yao, ni risiva zilikuwa zinasikiliza kwa jirani

redio_kavu
Jirani alikuwa setilaiti, hana kelele. Nani angelipia filta ya kuzuia mtu hayuko?

shosh_wa_ramani
Wacheni Marekani, kijana ako Ruai. 4G ya hapa iliyo karibu na GPS ni ile ya 1800 na mnara hutuma kuanzia 1805, hiyo ni mbali. Mi ningeshuku vitu viwili. Mlingoti ni chuma, na kama kuna mabati hapo kando signo inagonga inarudi, risiva inapata ya kweli na ya kugonga pamoja inachanganyikiwa. Halafu marekebisho kutoka kwa base (risiva ingine imekaa kwa pointi inajulikana) unapata na nini, redio ya UHF ama laini? Kama ni redio, hiyo ndio inaweza kuzidiwa na busta. Cheki kwa kontrola umri wa marekebisho, yaani yamekaa sekunde ngapi tangu yatoke base: ukipanda na setilaiti ziko sawa, GPS haina shida. Nguvu ya setilaiti zote ikishuka pamoja, hapo sasa kuna kitu inajam.

kaka_wa_antena
Jama ndogo (vifaa vya kufinya GPS) za soketi ya sigara pia, madereva huweka ndio tajiri asione traka. Kule Newark, Marekani, moja ilisumbua mitambo ya uwanja wa ndege. Lakini hiyo hupita na gari, haikai kona moja

bikoni_na_mkanda
@shosh ni UHF, na umri ulikuwa unafika sekunde 20 na kitu huku setilaiti ziko 17. Kesho naweka laini kwa rova (risiva ya kutembea nayo) nione

shosh_wa_ramani
Fanya asubuhi. Jua likitua ionosfia (ile tabaka ya hewa ya juu signo hupitia) ya huku ikweta itakuletea story ingine