Koni nyekundu inaondoka saa 6:01 usiku, halafu mnataka tunyamaze?

Wakuu, mwenye ile sheli ya kona mnamjua. Jumanne, mkesha wa Jumatano ya kwanza ya mwezi, kila pampu ina koni nyekundu: "Mzigo umeisha." Saa 6:01 usiku bei kikomo mpya ya EWURA, wadhibiti wa nishati Tanzania, ikianza tu, koni inatoweka, petroli inatiririka kama Rufiji. Lori gani limeshusha? Mafuta yamekuja kwa maombi?

Tozo ikipanda Sh 100 kwa lita, kama Julai 2023, yaliyomo tenkini yameshalipiwa kodi ya zamani. Akificha lita 8,000, ni Sh 800,000 kwa kulala tu. Saa 6:01! Ile koni ina cheo kuliko meneja.

#2 Unajua kulia tu. Faida ya rejareja imo kwenye kanuni ya bei, haipandi kwa kuwa kodi imepanda. Kinachopanda ni mtaji: oda ya lita 10,000 inadai milioni 1 zaidi kabla lori halijatoka depo. Asiyekuwa nayo anaagiza pungufu, tenki linakauka mapema. Na sentimita za chini kabisa hazivutwi, pampu inakula hewa na tope. Bei ikishuka akiwa na mzigo wa bei ya juu, hasara ni yake. Mbona hapo hufungui uzi?

#3 (mleta uzi) Tope linalojua kalenda! Linakaa Jumanne kutwa, linaondoka saa 6:01?

#4 Mkuu ulienda na buku mbili, hata lita haifiki, umerudi na uzi mzima 😂

#5 Boda anayechoma lita 4 kwa siku, Sh 100 hiyo ni 400. Siku 26, Sh 10,400. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, ya boda inapangwa na mdomo wa abiria.

#6 Nyinyi mna nafuu. Huku Kenya VAT ya mafuta ilitoka 8% hadi 16% Julai 2023. Ni asilimia, kwa hiyo bei ya dunia ikipanda na kodi inapanda.

#7 Na ikishuka yenu inashuka. Yetu ni shilingi kwa lita, pipa la mafuta ghafi liwe dola 60 au 120 haijali.

#8 Acheni koni. Wizi ni pampu isiyoanzia sifuri. Tazama kioo kabla bomba halijaingia kwenye tanki. Ukiwa na shaka dai wapime kwa kopo la lita 20 lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo.

#9 Na wanaojaziwa vidumu huku foleni imesimama je?

#10 (mleta uzi) Jamani, KONI. Saa 6:01.

#11 Koni kama zile zinauzwa wapi? Watu wanapaki mbele ya geti.

#12 Kariakoo, mkuu. Nenda asubuhi.