Friza ya samaki inazima saa 10 alfajiri, fundi anataka ninunue inveta ya 5kW. Naombeni ushauri

Mvuvi_NchiKavu
Wakuu habari za humu. Niko mwambao wa Tanganyika upande wa Uvinza, kijijini kwetu umeme wa gridi haujafika, hata nguzo hatuzijui. Nina kibanda nauza soda na maji baridi, pia natunza samaki za watu, migebuka na kuhe, wakati wanasubiri boti. Nilikuwa na betri mbili za asidi zikafa ndani ya miezi nane tu, nikajikamua nikachukua lithiamu moja LiFePO4 ya 25.6V 100Ah, paneli mbili za 330W, kontrola ya kuchajia betri ya MPPT 30A, na inveta ya 1000W ilikuwepo tangu zamani nikaiacha hiyohiyo. Friza ni ya lita 200, pembeni kuna taa sita za LED na TV ya nchi 32.

Sasa shida, ikifika saa 10 alfajiri inveta inalia piii piii inazima, naamka naiwasha inakaa dakika tano inalia tena, na mita ya kwenye kontrola inasoma volti 25 na kitu, sa kwa akili ya betri za asidi 25 si imejaa hiyo?? Alafu kuna siku inazima saa 7 mchana jua linawaka kama tanuru, hapo ndo nachoka kabisa. Fundi kaja kaangalia dakika mbili kasema inveta ndogo, ninunue ya 5kW ya 48V na betri nyingine juu. Hiyo hela ni ya kuuza ng'ombe. Ni kweli tatizo ni udogo wa inveta? Natanguliza shukrani.

Kibaha_Finest
Mkuu nunua tu 5kW uachane na hizo kero. Mimi ninayo mwaka wa pili, napiga pasi, blenda, pampu ya maji, sijawahi kusikia mlio. Ukinunua kidogo kidogo unanunua mara mbili.

MamaVolti
@Kibaha_Finest wewe una gridi ya kuegemea na nadhani una paneli nane juu ya bati, mwenzio ana mbili. Tusimuuzie mtu ng'ombe wake kirahisi hivyo.

Kaka Mvuvi, hizi za 5kW zikiwa zimewashwa tu bila kazi yoyote zinakula kama wati 50. Piga mara masaa 24, ni 1.2kWh kwa siku, yani karibu sawa na friza yako. Utakuwa umeongeza friza ya pili ambayo haina samaki. Pia nyingi za 48V za aina hiyo zinataka paneli zianze na volti 120 ndo upande wa sola uamke, zako mbili ukiziunga mfululizo hata 95 hazifiki. Na betri yako ya 24 haifai hapo, itabidi uongeze nyingine inayofanana nayo uziunge mfululizo, na sio kila BMS (saketi ya kinga ndani ya betri) inaruhusu hilo. Kwahiyo huyo fundi hajakuuzia inveta, amekuuzia mfumo mzima upya.

Tufanye hesabu ya kilichopo. Friza kwa joto la huko na kufunguliwa na wateja tuseme 1.2kWh kwa siku, TV wati 40 masaa matano ni 0.2, taa 0.2, inveta yenyewe 0.3. Jumla 1.9. Paneli zako kwa masaa matano ya jua zuri ukitoa hasara unapata kama 2.4. Inatosha kwa kubana. Na kuanzia jioni mpaka asubuhi hutumii zaidi ya 1.2kWh hivi, betri ina 2.56. Ulipaswa uamke na nusu. Sasa 25 na kitu kwenye lithiamu sio nusu na wala sio full, ni kama robo au chini yake. Seli za LiFePO4 volti zake zimelala, kati ya asilimia 90 na 20 zinapishana volti moja tu hivi kwa betri nzima, ndo maana kuisoma kwa volti kama asidi inakudanganya. Ukipata ile mita ya shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka utalala vizuri.

Kwahiyo maswali mawili. 1) Kontrola umeiweka aina gani ya betri? 2) Waya kutoka betri kwenda inveta ni wa ngapi na una urefu gani? Shika waya friza ikiwa inawaka uniambie kama una joto.

Mvuvi_NchiKavu
Dada asante sana. Kontrola imeandika FLD, ndo ilivyokuja sijagusa kitu. Waya ni ule wa 2.5mm² wa soketi za nyumbani, kama mita tatu maana betri iko chumbani na inveta iko dukani, kuna ukuta katikati. Joto upo, tena pale kwenye lagi (kile kichwa cha waya) plastiki imebadilika rangi nikadhani ni vumbi 😅

MamaVolti
Sio vumbi hilo kaka!!

FLD ni betri za maji. Hapo kontrola inasukuma mpaka 29.2 na siku ya kuikwalaizi (chaji kali ya kusawazisha seli) inapanda 29.6. Gawa kwa seli nane, 3.7 kila seli, wakati mwisho wake ni 3.65. Seli moja ikitangulia tu BMS inafunga mlango wa kuchajia, umeme wa paneli unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu, inveta inaona zimezidi inajizima kujilinda. Hiyo ndo saa 7 yako ya mchana. Na ndo sababu betri inaingia jioni haijajaa. Weka USER (setingi unayojaza mwenyewe), kujaza 28.4, floti (chaji ya kushikilia ikishajaa) 27, ikwalaizi zima kabisa. Kama kuna chaguo la lithiamu angalia kwanza ni ya seli nane za LiFePO4, maana kuna lithiamu ya aina nyingine inayojazwa mpaka 29.4.

Alfajiri sasa. Kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zake kwa nukta moja, kwenye 24V hizo ni ampea 50, 60. Waya wa 2.5 hauwezi hiyo kazi, volti zinapotelea njiani. Jioni betri iko juu unapona, alfajiri imeshuka kidogo ndo unaumbuka. Pima na mita sehemu mbili, kwenye betri na kwenye inveta, friza inapoanza.

fundi_manyoya
Naunga mkono ila mnasahau kitu, hiyo inveta ya zamani bila shaka ni modifaidi (wimbi lake ni la ngazi ngazi, sio laini kama la gridi), nadhani hata friza inaunguruma. Mota kwa umeme wa hivyo inapata joto na inakula zaidi, hata ukirekebisha waya kompresa itakufa mapema. Asichukue 5kW sawa, ila achukue pyua saini (ya wimbi laini kama la gridi) 24V ya 1500W, ikibidi ya transfoma maana hizo zinavumilia mota kuanza, japo ni nzito kama jiwe la kusagia na zenyewe zikikaa zinakula kuliko hizi nyepesi.

MamaVolti
Sipingi. Ila waya kwanza, hata hiyo pyua saini ukiiweka kwenye waya wa 2.5 italia vilevile.

Mvuvi_NchiKavu
Wakuu mrejesho. Nimeazima mita kwa jamaa wa redio. Friza inapoanza, kwenye betri 25.6, kwenye inveta ikachota mpaka 21.8 alafu ikarudi. Nikarudia mara tatu nikidhani mita mbovu. Nyuma ya inveta wameandika alam 22, kuzima 21. Nilipofungua lagi nikakuta ilipigwa nyundo tu haikukamatwa na koleo yake, nyuzi nyingine zimekuwa nyeusi zinakatika ukizigusa.

Huku hakuna duka la waya mnene, ila kuna mchomeleaji mageti kaniuzia kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, 25mm², laini kweli. Nimehamishia inveta chumbani karibu na betri, waya wa mita moja, ule mwembamba sasa ndo unapeleka 230 dukani. Setingi nimebadilisha kama ulivyosema. Leo siku ya nne, asubuhi saa 12 nakuta friza inaunguruma zake na betri 26.1. Mchana haijazima.

MamaVolti
Hongera. Fyuzi umeweka?

Mvuvi_NchiKavu
Kuna ile swichi ya kwenye boksi la umeme wa nyumba, tuliyonayo siku zote.

MamaVolti
Hapana kaka, hiyo ni ya AC (umeme wa nyumbani), cheche ya DC (umeme wa betri) haikatiki yenyewe kama ya AC, inaweza kuendelea kuwaka humohumo ndani ya swichi. Na unalala na hiyo betri chumba kimoja. Tafuta fyuzi ya DC ya 80A uiweke karibu kabisa na chanya ya betri, agiza hata kwa watu wa boti kutoka Kigoma mjini. Kabla haijaja usiache vitu vinavyoungua karibu.

Kibaha_Finest
Haya nimeshindwa 🙌 Ila nami nimetoka kushika waya zangu hapa.

bibi_wa_barafu
Mvuvi na mimi niongeze, nafanya biashara kama yako. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu mchana wakati jua linalipa, zipange chini na pembeni ya friza, alafu kuanzia saa 5 usiku zima friza kwa taima mpaka saa 11. Usifungue tu. Samaki wangu wanaamka wagumu kama kuni, na siku za mvua ndo chupa zinazoniokoa.

Mvuvi_NchiKavu
Hiyo ya chupa naanza leo. Fyuzi nimemtuma kijana wa boti, anarudi ijumaa. Fundi kapita jana kauliza ng'ombe nimepata mteja, nikamwambia bado ananenepa. Pyua saini nitaitafuta baada ya msimu wa migebuka, @fundi_manyoya nitakusumbua ukinionyesha ya kuchukua.

fundi_manyoya
Karibu mkuu. Na zile lagi zikaze tena baada ya wiki mbili, waya mpya ukipata joto na kupoa unalegea.