Ilala: sekondari ipi ya serikali? Tuache ubishi

Mzazi_Majohe: Wakuu, binti kapangiwa sekondari ya kata hapa hapa Majohe. Mama yake anataka tuhangaikie uhamisho aende Jangwani, ile ya wasichana kule mjini. Tangu matokeo ya 2022 NECTA (Baraza la Mitihani) haitangazi tena shule kumi bora, basi jana usiku nimekaa na daftari nahesabu divisheni wani, shule moja moja. Za mjini ziko juu. Ila ni daladala mbili, na konda akiona sare ya shule anajifanya gari limejaa.

Kaka_Pugu: Unahesabu vibaya. Shule ya watoto 80 na ya watoto 400 huwezi kuzipima kwa idadi ya wani. Tazama ziro ni wangapi katika kila mia. Halafu kata ni kata tu bwana, walimu wenyewe voda fasta.

Ticha_Chanika: Voda fasta ndiyo mimi. Nimemaliza form six, semina ya mwezi mmoja, nikatupwa kufundisha Kemia na Hesabu kidato cha kwanza mpaka cha nne, peke yangu. Maabara ilikuwa ndoo yenye koki na jiko la mchina. Leo nina digrii. Wewe una nini zaidi ya mdomo?

Kaka_Pugu: Ticha usipaniki, sijakutaja.

Binti_Buguruni: Umemtaja! Bila wao zile shule za kata, za Lowassa, zingebaki makazi ya popo.

Mzee_Kitunda: Si za Lowassa. MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, imeanza 2004, yeye kawa Waziri Mkuu mwisho wa 2005. Tuheshimu tarehe.

Binti_Buguruni: Mzee wangu, na aliyewakimbiza wakuu wa mikoa wajenge madarasa ni nani?

Mzee_Kitunda: Waliojenga ni wananchi. Mimi nimetoa mchanga na mbuzi wangu mmoja. Mbuzi nilirudishiwa?

Mzazi_Majohe: Jamani, uhamisho…

Mzee_Kitunda: Nimeuliza habari ya mbuzi.

Kaka_Pugu: Ticha, ngoja kwanza. Mimi nimemaliza form four 2008, hiyo hiyo kata ninayoisema. Ile ndoo ilikuwa ya bluu?

Ticha_Chanika: Ya kijani. Ya bluu ilikuwa ya chooni.

Kaka_Pugu: Shikamoo mwalimu.

Ticha_Chanika: Marahaba. Kemia ulipata ngapi?