Binti yangu anataka kujiunga na Girl Guides: je, atajifunza uwajibikaji?

Mama wa Rau, Moshi
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Binti yangu wa miaka 13 ameniomba ruhusa ya kujiunga na Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, shuleni kwake, nami nasita, kwa kuwa miaka yote nimewaona vijana hawa na skauti wakipiga gwaride na kupanga watu siku za sherehe, kisha basi. Je, hufunzwa uwajibikaji kweli, au nitagharimia sare na kambi bure?

Mwalimu, Pasua
Mama, wasiwasi wako nauelewa, maana gwaride ndilo linaloonekana barabarani. Malezi yenyewe hufanyika kwenye doria, yaani kikundi cha vijana sita hadi wanane wanaoongozwa na kijana mwenzao. Ndivyo Baden-Powell, mwasisi wa skauti, alivyoanza mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza: aliwakusanya wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na wa makabwela, akawagawa katika doria nne na kumpa kila kiongozi dhamana ya wenzake. Kwenye kambi yetu ya mwisho, binti mmoja alikabidhiwa fedha za chakula. Jioni aliwasomea wenzake daftari la matumizi chini ya taa, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye shilingi 500 asizozikumbuka akanyamaza, akahesabu upya, mpaka mmoja wao alipomkumbusha kiberiti na chumvi. Mimi sikutia neno.

Baba wa Ngarenaro, Arusha
Nakubaliana na Mwalimu, ila si kila kikundi kiko hivyo. Mwanangu alikaa mwaka mzima kwenye kikundi ambacho mlezi wake aliwatuma vijana kubeba viti vya wageni tu, bila doria wala kambi, nikamtoa. Kabla hujalipa, Mama, kamwulize mlezi ni mambo gani vijana hupanga wenyewe, nani hulala nao kambini, na fedha zao hutunzwa na nani.

Girl Guide wa zamani, Moshi
Dada, mimi nilifundishwa kufunga mkono uliovunjika kwa skafu nikiwa darasa la saba. Miaka mingi baadaye bodaboda ilianguka mbele yangu njia ya Kibosho, watu wakawa wanapiga picha. Skafu sikuwa nayo, nikakunja kanga yangu pembetatu, nikamfunga yule kijana, nikakaa naye mpaka gari lilipopatikana. Mruhusu.

Mama wa Rau, Moshi
Ahsanteni sana. Jumatatu nitakwenda kumwona mlezi, na maswali ya Baba wa Ngarenaro nimeshayaandika.