Sydney 2000: Allana Slater alizionaje zile sentimita 5?

Shabiki_wa_Viungo: Wakuu, nimeangalia tena fainali ya jimnastiki ya wanawake, Olimpiki ya Sydney. Kifaa cha kurukia, wakati huo bado kikiitwa farasi, kilikuwa kimewekwa kwenye sentimita 120 badala ya 125. Wasichana wakawa wanaanguka ovyo. Svetlana Khorkina wa Urusi alitua kwa magoti! Aliyeshtuka ni Allana Slater wa Australia, miaka 16. Alijuaje? Kaka yangu anasema sentimita 5 ni kisingizio tu, bingwa haangushwi na urefu wa kidole.

Viganja_Vigumu: Huyo kaka yako hajawahi kuruka. Mimi nimeruka miaka tisa. Ukishapiga ubao wa springi kwa miguu yote miwili, hakuna tena kuangalia, mikono inakwenda ilikozoea. Kifaa kikiwa chini, viganja vinachelewa kugusa. Kuchelewa kidogo tu, lakini ule msukumo wa mabega unapotea, na mwili unashuka kabla hujamaliza kuzunguka.

Yalinikuta mazoezini. Kifaa kilikuwa kimeshushwa kwa ajili ya watoto, hakuna aliyekirudisha. Nilitua kwa makalio mara mbili. Unadhani nilisema? Sikusema. Nilidhani nimesahau kuruka. Ndiyo maana namvulia kofia Slater: fainali ya Olimpiki, nyumbani kwao, ukumbi umejaa, na bado akasema wazi kwamba kifaa ni kifupi. Maofisa wakapima, wakakuta ni kweli.

MzeeWaRekodi: Naongezea. Waliokwisha kuruka walipewa nafasi ya kurudia. Khorkina hakurudia, maana alikuwa ameshaenda kwenye vyuma, zile fito mbili za kuning'inia, akiwa amevurugika na akaanguka huko pia. Mwaka uliofuata farasi ikaondolewa kwenye mashindano makubwa, ikaja ile meza pana ya sasa.

Tena msimkumbuke Slater kwa kisa hiki peke yake, inaniudhi. Binti huyo wa Perth alikuwa kwenye timu ya Australia iliyochukua shaba Anaheim 2003, medali ya kwanza ya timu ya wanawake wa Australia katika mashindano ya dunia. Athens 2004 alikuwepo tena. Miaka yote hiyo kwenye mchezo unaovunja vifundo vya miguu kama vijiti, halafu watu wanamjua kwa futi ya kupimia.

Shabiki_wa_Viungo: Nimekusikia, mzee, hiyo ya Anaheim nilikuwa siijui. @Viganja_Vigumu, nimemsomea kaka hapo kwenye makalio, amecheka mpaka basi, lakini neno "kisingizio" hajalirudia. Sasa amehamia kwa Andreea Răducan, aliyeshinda fainali ile ile halafu akanyang'anywa dhahabu kwa sababu ya kidonge cha mafua. Hilo nitalifungulia uzi wake.