Vienna siku moja kwa wawili: opera ya kusimama, Musikverein, konseti ya mawigi au kanisani?

NyotaYaBandari

Wadau, naomba ulinganisho kwa wanaoijua Vienna. Ni mume na mke, Jumamosi moja kamili mwezi wa kumi, na Jumapili alasiri wanaruka. Mchana kuona mji, usiku muziki. Bajeti ya muziki ni euro 100 kwa wote wawili. Yaliyo mezani: (1) tiketi za kusimama Staatsoper, yaani jumba la opera la taifa, (2) Musikverein, jumba la konseti, (3) zile konseti za Mozart ambazo wapigaji wanavaa mawigi, (4) Vivaldi ndani ya kanisa la Karlskirche. Mke anapenda uimbaji, mume hajawahi kuingia opera. Lipi linafaa, na mchana upangwe vipi?

MzeeWaRoshani

Chagua usiku kwanza, ndipo upange mchana. Wengi hufanya kinyume: wanazunguka kutwa, wakifika opera miguu imekwisha, wanaondoka kwenye mapumziko ya kwanza.

Staatsoper ina nafasi za kusimama zaidi ya 400 na bei yake haifiki euro 20, ilhali viti vya mbele siku hiyohiyo hupita euro 200. Nafasi bora ni Parterre, nyuma ya viti vya chini, katikati, ukitazamana na jukwaa. Balkoni na Galerie, yaani ghorofa za juu, ni bei nafuu zaidi na sauti inapanda vizuri, ila ukisimama pembeni unakosa nusu ya jukwaa. Tiketi hizi hutoka siku yenyewe ya onyesho: mtandaoni kuanzia saa nne asubuhi, na dirishani upande wa mtaa wa Operngasse dakika 80 kabla ya kuanza. Mkienda dirishani, muwe wawili kwenye foleni.

Mkiingia, funga skafu nyembamba kwenye reli mbele ya nafasi yako. Hiyo ndiyo alama ya kwamba pana mwenyewe, na watu wanaiheshimu. Kisha peleka koti na begi garderobe (chumba cha kuachia makoti), nenda kajinyooshe hadi muda ukaribie. Kwenye reli kuna skrini ndogo ya tafsiri, lakini Kiswahili hakimo, kwa hiyo mume asome hadithi ya opera kabla.

Tazama sana ni opera gani. La Bohème pamoja na mapumziko ni kama saa mbili na nusu, mgeni anaimudu. Die Walküre ni kama saa tano. Usimsimamishe mtu hapo siku yake ya kwanza.

Na angalizo kwa sisi wa saa za Kiswahili: tiketi ikiandikwa 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Opera ndefu huanza mapema, na ukichelewa mlango hufungwa hadi mapumziko.

Kinanda_na_Zeze

Nasahihisha mgawanyo wa swali. Namba 2 na namba 3 wakati mwingine ni kitu kimoja, maana zipo konseti za mawigi zinazofanyika ndani ya Ukumbi wa Dhahabu wa Musikverein wenyewe. Jina la ukumbi halikuambii nani anapiga, kwa hiyo soma okestra na programu kabla ya kulipa.

Ukumbi wenyewe ulifunguliwa 1870, kazi ya msanifu Theophil Hansen. Una umbo la kasha: urefu karibu mita 49, upana 19, kimo karibu 18. Kwa kuwa kuta za pembeni ziko karibu, sauti inakurudia upesi kutoka kushoto na kulia, na ndiyo sababu okestra inasikika nzito na ya joto hata ukiwa nyuma kabisa. Nafasi za kusimama ziko nyuma, chini. Kwa masikio ni pazuri mno. Kwa macho, mtu mfupi ataona migongo tu asipowahi mstari wa mbele.

Konseti za mawigi: wauzaji wenye majoho wanasimama kwenye uwanja wa Stephansplatz na karibu na opera. Si wezi, ila wanauza kwa kamisheni na watakuonyesha picha ya ukumbi mzuri kuliko ule utakaokwenda. Uliza anwani, safu na namba ya kiti. Utasikia vipande vifupi: sehemu moja ya simfoni, aria (nyimbo za opera za mwimbaji mmoja) mbili tatu, kisha Strauss mwishoni na watu kupiga makofi. Kiti cha chini ni karibu euro 50 kwa mtu. Ni burudani halali, lakini mpenda uimbaji atatoka na njaa.

Karlskirche: Vivaldi alifariki mji huuhuu mwaka 1741 na alizikwa karibu na hapo, kwa hiyo uhusiano upo kweli. Tatizo ni kuba. Sauti inazunguka juu na mbio za violini zinachanganyikana, zaidi kwa waliokaa nyuma. Lipia safu za mbele au acha. Oktoba kuna baridi humo, usivue koti.

Fundi_Ratiba

Mchana, kama usiku ni wa kusimama:

Saa mbili na nusu asubuhi muwe kasri la Schönbrunn, zamu ya mwanzo, tiketi ya muda imenunuliwa mtandaoni. Treni ya U4 kutoka Karlsplatz ni kama dakika kumi. Ziara ya ndani ni saa moja hivi. Kasri lina vyumba 1,441 lakini wageni huonyeshwa vichache. Humo ndimo Mozart alimpigia muziki mtawala Maria Theresia mwaka 1762, akiwa na miaka sita. Bustani ni bure. Kilima cha bustanini chenye jengo la Gloriette pandeni mkiwa na nguvu, saa nne, si alasiri.

Saa sita rudini katikati. Kanisa kuu la Stephansdom lina minara miwili: wa kusini ni ngazi 343 za kuzunguka, wa kaskazini una lifti hadi kwenye kengele ya Pummerin, yenye uzito wa tani 20 hivi. Siku ya kusimama opera panda lifti. Katika kanisa hilo Mozart na Constanze walifunga ndoa Agosti 1782, na nyuma yake, Domgasse 5, ni nyumba waliyokaa 1784 hadi 1787, alimotunga opera ya Figaro. Kwa wanandoa hapo pana maana kuliko jumba lolote la Hofburg, kasri la katikati ya mji.

Saa tisa kaeni mkahawani, Melange (kahawa ya maziwa) na keki, saa nzima. Hakuna wa kuwafukuza. Bili haiji hadi uiombe. Bahashishi ni kama asilimia kumi: mtajie mhudumu jumla unayotaka akate, usiache sarafu mezani.

Usafiri: tiketi ya saa 24 inaanza kuhesabu ukiigonga kwenye kiboksi cha bluu. Usipoigonga ni sawa na kutokuwa nayo, na faini ni zaidi ya euro 100. Uwanja wa ndege uko nje ya eneo lake, unaongeza tiketi ya kipande hicho.

Upepo_wa_Kusi

Kwa Waislamu: soseji za vibandani, hata ile yenye jibini ndani, kwa kawaida zina nguruwe. Wiener Schnitzel (kipande chembamba cha nyama ya kukaanga) halisi ni ndama, ikiandikwa „vom Schwein“ ni nguruwe. Naschmarkt kuna vibanda vya Kituruki na Kiarabu, ulizeni halali, ila Jumapili soko limefungwa. Msikiti wa Islamisches Zentrum, uliofunguliwa 1979, uko karibu na kituo cha U6 cha Neue Donau. Maji ya bomba yanatoka milimani, bebeni chupa tupu.

NyotaYaBandari

Ahsanteni sana. Nimesahau kutaja: mke anaumwa goti, hawezi kusimama zaidi ya nusu saa. Basi turudi kwenye mawigi?

MzeeWaRoshani

Hapana, kwa goti hilo nenda Volksoper. Ni jumba la tangu 1898, linaimba opera na opereta, sehemu kubwa kwa Kijerumani, na kwa euro 50 kwa mtu unapata kiti cha kuona jukwaa. Opereta ni nyepesi, ina dansi na vichekesho, mume hatachoka. Kutoka Stephansplatz panda U1 kituo kimoja hadi Schwedenplatz, U4 hadi Spittelau, kisha U6 vituo viwili, shuka Währinger Straße-Volksoper.

Wakitaka lazima Staatsoper, watafute kiti cha safu ya pili au ya tatu ndani ya loji (kijichumba cha watazamaji pembeni mwa ukumbi). Kinauzwa rahisi kwa sababu jukwaa linaonekana kwa shida, lakini sauti inafika yote. Kwa anayependa uimbaji si hasara. Mume ndiye atakayenyoosha shingo ili aone.

Kinanda_na_Zeze

Naunga mkono Volksoper. Na Jumapili wasiipoteze: Augustinerkirche, saa tano asubuhi, misa ya Haydn, Mozart au Schubert kwa kwaya na okestra kamili. Kuingia ni bure, sadaka inapitishwa. Wafike saa nne na nusu wapate benchi. Waimbaji wako juu nyuma, kwa hiyo hakuna haja ya kugombea mbele. Ni ibada, si konseti: makofi yasubiri hadi mwisho, na simu mfukoni.

Fundi_Ratiba

Mizigo ya Jumapili waiache kwenye makabati ya Hauptbahnhof, stesheni kuu ya treni, asubuhi. U1 inawafikisha Stephansplatz kwa vituo vitatu, na baada ya misa wanarudi hapohapo kupanda treni ya uwanja wa ndege, ambayo ni kama robo saa.